Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, Kibaha

Ndugu Mkuu wa Shule,

Shule yako, iliyofunguliwa Februari 2022, inawanoa makada wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Ndiyo maana nakuletea wewe jambo hili: chuki dhidi ya Wayahudi inayopita kwa jina la siasa za kushoto.

Huku kwetu Kyela imeingilia kwenye kakao. Mwaka 2024 bei ya soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Mwaka uliofuata ikaporomoka. Mkulima anauliza nani kaishusha. Swali hilo ni halali, na majibu yapo. Maradhi ya miti na hali mbaya ya hewa viliharibu mavuno ya Ghana na Ivory Coast, wanunuzi wakagombania kilichobaki, na walanguzi wa London na New York wakachochea. Mavuno yalipoanza kurudi, na viwanda vikapunguza ununuzi, bei ikaanguka. Lakini wapo vijana wetu wanaojiita wanamapinduzi ambao jibu lao ni moja tu: Wayahudi. Kwa jibu hilo mkulima hahoji tena mnada, wala chama chake cha ushirika (AMCOS), wala soko lenyewe. Amepewa watu wa kuwachukia, na mlanguzi anaendelea na biashara yake.

Kwa kupinga chuki hii sisemi tuiache Palestina. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, na hata baada ya kuurejesha mwaka 1995 imeendelea kutetea haki ya Wapalestina kuwa na nchi yao. Naunga mkono msimamo huo kwa moyo wote. Kuilaani serikali ya Israel kwa vifo vya Gaza ni haki yetu. Kumtwisha kila Myahudi lawama hizo ni ubaguzi uleule tulioupinga Afrika Kusini. Na huko, Joe Slovo na Ruth First, wakomunisti waliozaliwa katika familia za Kiyahudi, walikuwa upande wetu. Ruth aliuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu la makaburu lililofichwa kwenye bahasha.

Mrengo wa kushoto umeshaanguka kwenye chuki hii zaidi ya mara moja. Januari 1953 Moscow iliwatangaza madaktari, wengi wao Wayahudi, kuwa wauaji. Stalin alipofariki, waliachiwa kwa kukosa hatia. Mwaka 2020 tume ya usawa ya Uingereza ilibaini kwamba chama cha Labour kilivunja sheria kwa kuwabughudhi na kuwabagua Wayahudi.

Naomba historia hii ifundishwe Kibaha, pamoja na somo la jinsi bei ya kakao inavyopangwa, na makada wa Kyela wawe miongoni mwa watakaoisoma.