Magaga Si Utakatifu

Kuna wahubiri wanaomwita dada mtenda dhambi kwa sababu ameenda saluni kusuguliwa visigino na kukatwa kucha. Ni wapi Biblia imesema magaga ni utakatifu? Katika Yohana 13 Bwana wetu aliinama, akaosha miguu ya wanafunzi wake. Sisi tunamkemea anayeosha yake!

Kisukari huua hisia za miguu. Mama akiogopa maneno yetu, aache kuzitunza nyayo zake, kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kumgharimu mguu. Hapo tutajibu nini?

Dada, nenda. Hakikisha tu vifaa vimesafishwa kwa dawa. Nawe mhubiri, kabla ya kukemea kucha za mtu, shika beseni kwanza. Amina.