Uchungu Hauondoi Lawama
Katika msimu wa 3 wa The Expanse, tamthilia iliyorekodiwa Toronto na kuoneshwa mwaka 2018, Clarissa Mao, ambaye dada yake amekufa na baba yake amefungwa, anajifanya fundi kwa jina la bandia na kulipua chombo cha angani ili lawama zimwangukie James Holden, mtu anayemwona kuwa ndiye aliyeiangamiza familia yake. Msiba huo unaeleza kitendo chake, lakini kueleza, yaani kuonesha chanzo, ni tofauti kabisa na kutoa udhuru, yaani kumwondolea mtendaji hatia. Na ushahidi mzito zaidi wa tofauti hiyo ni Ren, fundi mwenzake aliyemtendea wema, ambaye Clarissa anamuua kwa kuwa tu amegundua hila yake, kisha anaificha maiti. Ren hakumkosea mtu. Tofauti hiyo inaonekana pia katika maisha halisi: huko Parkdale, mtaa wa magharibi mwa Toronto unaokaliwa na Watibeti wengi, watu ambao uhamisho wao ulianza kwa wingi mwaka 1959, kupoteza ndugu na nchi si hadithi ya runinga, na waliopoteza hivyo wamejenga maisha bila kumtwisha jirani deni la msiba wao. Kwa hiyo mtazamaji wa huko anaweza kumhurumia Clarissa kwa dhati, huku akidai kwamba ndugu wa Ren nao wahesabiwe miongoni mwa wafiwa.