Santorini Sikufika, na Sijuti

Mwaka jana nilikaa semesta moja Volos, mji wa bandari ulio kati ya Athens na Thessaloniki, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Toka nirudi swali ni moja tu, hosteli, kantini, hadi kwenye foleni ya kutoa kopi: "Santorini ulifika?" Nikijibu sikufika, mtu ananitazama kama nilikwenda Dodoma nikarudi. Basi acha niliseme hapa mara moja. Wengi wetu tunaopata nafasi hizi tunazichezea, na visiwa ndivyo vinavyotuponza.

Wenzangu niliokaa nao kila Ijumaa walikuwa na mabegi mgongoni. Basi hadi Athens, meli, chumba cha kupanga, picha, Jumapili usiku wanarudi hoi. Kufikia mwezi wa pili mmoja wao alikuwa ananikopa hela ya mkate. Posho yetu ilimtosha mtu anayeishi mahali, haikumtosha mtu anayehamahama. Ukishazoea kuvuta siku kwa bumu, hesabu hiyo huhitaji kufundishwa.

Mimi nilifanya hivi: nililala Volos, begi kubwa likabaki chumbani, na asubuhi nikabeba chupa ya maji, mkate, zeituni na kipande cha jibini, nikapanda basi la kwenda Makrinitsa. Hicho ni kijiji kilichong'ang'ania ubavu wa mlima Pelion, juu kabisa ya mji. Ukisimama uwanjani kwake unaiona bandari yote na Ghuba ya Pagasai ikiwa imetulia kama sahani. Kupanda nilipandishwa na basi. Kushuka nilishuka kwa miguu, magoti yakanidai siku mbili.

Mji wa bandari unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu njia zimeshaelekea huko zenyewe. Vijiji vya Pelion viliishi kwa kuuza zeituni, matunda na hariri, na mizigo ilibebwa na nyumbu kwenye njia zilizotandikwa mawe, wenyewe wanaziita kalderimi. Hakuna aliyezijenga kwa ajili ya mtalii. Nyumbu alitakiwa afike sokoni na arudi, na mtembezi wa leo anapita palepale alipopita nyumbu.

Reli nayo ina kisa hichohicho. Evaristo de Chirico, mhandisi Mwitaliano, alijenga reli nyembamba ya sentimita 60 ikitoka Volos kuelekea mlimani, na mwaka 1903 ikafika Milies. (Mwanawe Giorgio, mchoraji maarufu, alizaliwa Volos mwaka 1888.) Ilifungwa 1971, ikarudi 1996 kama treni ya watalii kati ya Ano Lechonia na Milies. Siku isiyo na treni nilitembea kando yake kutoka Milies hadi kwenye daraja la chuma la de Chirico. Daraja lenyewe limenyooka, lakini reli iliyo juu yake imepinda. Nilikaa pale karibu nusu saa nikijaribu kuelewa alivyopiga hesabu zake. Sikuelewa.

Sasa nyie wa elimu mnisikilize hapa. Pelion ndio mlima wa Chiron, yule wa hekaya, nusu mtu nusu farasi, aliyemfundisha Achilles, Jason na Asclepius. Darasa lake lilikuwa msitu: kuwinda, muziki, miti ya dawa. Hekaya, sawa. Lakini Milies, kijiji kidogo cha mlimani, Anthimos Gazis na wenzake walianzisha shule na maktaba mwanzoni mwa karne ya 19, na maktaba ipo hadi leo. Sisi mbinu shirikishi tunafundishwa kwa slaidi tukiwa tumekaa ukumbini, watu mia tatu, feni mbili. Nilisoma jiografia ya mito miaka miwili kabla sijaingiza mguu kwenye mto wowote kwa ajili ya somo.

Na mto ulionifundisha kweli ni Krafsidonas, unaoshuka kutoka Pelion na kupita mjini Volos. Nilikuwa nauvuka karibu kila siku, una kijimaji tu chini ya mawe. Septemba 2023 dhoruba ya Daniel ilimwaga mvua isiyo ya kawaida mlimani na kwenye uwanda wa Thessaly. Mto huo ukafurika, daraja la reli likaanguka, na mji ukakaa siku kadhaa bila maji salama ya bomba. Mwezi uleule ikaja dhoruba nyingine, Elias. Agosti 2024 samaki wa maji yasiyo na chumvi, waliosambazwa na mafuriko yale, walisukumwa hadi baharini wakafa, na zaidi ya tani 100 za samaki waliooza zikazolewa Volos. Wageni wakakimbia. Wenye migahawa pwani bado wanaizungumzia harufu ile kana kwamba ni ya jana.

Aliyelala usiku mmoja akiwahi meli hawezi kuyajua haya. Mimi niliyajua kwa kurudi kwenye meza ileile kila wiki. Na aliyekulia karibu na Msimbazi hahitaji mkalimani mtu akimwonyesha ukutani maji yalipofika.

Najua mtakalosema: kupanda milima ni mambo ya wazungu wenye viatu vya bei mbaya. Mimi nilitembea na raba za Karume. Na niliowakuta njiani zaidi ni bibi wa vijijini na visu na mifuko yao, wakichuma mboga za porini.

Sisemi hakuna hatari. Siku moja nilikwenda Tsagarada, upande wa mashariki unaotazama Bahari ya Aegean, nikachelewa kuanza. Saa nane mchana ukungu ukashuka, alama za njia zikapotea. Sikumwaga mtu yeyote nilikokwenda, kosa la kijinga. Nilirudi nyuma polepole hadi kijijini, basi la mwisho limeshaondoka. Mama mmoja mwenye mgahawa akaniita "mwanangu" kwa Kigiriki, akanipa supu, akampigia simu mpwa wake aliyekuwa anateremka Volos na pikapu. Toka siku hiyo nilianza mapema na nikaacha ujumbe. Namba ya dharura kule ni 112, iandike kabla hujaihitaji.

Ukitaka kisiwa lazima, meli za Skiathos, Skopelos na Alonissos zinaondokea bandari hiyohiyo. Alonissos ndiko kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1992, wanakolindwa sili wa Mediterania waliobaki wachache. Mimi nilivuka mara moja kwenda Skiathos, nikarudi kulala kwangu.

Ramani yangu ya Pelion ninayo bado. Imechanika kona moja na ina doa la mafuta ya zeituni juu ya Portaria, lakini njia zinasomeka. Anayekwenda semesta ijayo aje aichukue.