Muhtasari wa kikao: nani anafupisha, na anakata nini?



Mwaka 2019 baba alinitumia kwa simu picha za karatasi mbili. Ya kwanza imeandikwa juu kwa herufi kubwa: MUHTASARI WA MKUTANO MKUU WA KIJIJI. Ya pili ni orodha ya mahudhurio. Humo wanakijiji "waliridhia kwa kauli moja" mwekezaji apewe eneo la malisho pamoja na mashamba ya bondeni, letu likiwemo. Jina la mama lipo kwenye mahudhurio, na sahihi pembeni. Tarehe ile mama alikuwa jikoni kwangu hapa Leicester, amekuja kunisaidia kulea mtoto, na mhuri uko kwenye pasipoti yake.

Tangu siku hiyo neno muhtasari limenikaa kichwani. Mimi ni muuguzi, lugha si fani yangu, ila nimelifuatilia. Asili yake ni Kiarabu, mukhtasar, yaani kilichofupishwa. Sisi tumeilegeza kh ikawa h, kama khabari ilivyokuwa habari. Mzizi huo huo ndio wenye khasr, kiuno, pale mwili unapokuwa mwembamba. Nilipomtajia daktari mmoja wa Kipakistani ninayefanya naye kazi alicheka, akasema na Kiurdu wanalo. Waturuki nao wanalo, na kwao limefika hadi kwenye fomu za kodi! Wanazuoni wa kale waliviita hivyo vitabu vyao. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi, aliyefariki mwaka 878, aliifupisha elimu ya mwalimu wake na kitabu kikaitwa Mukhtasar ya al-Muzani. Yaani msomaji alijua tangu jaladani ni nani aliyefupisha.

Kwetu Tanzania neno limebeshwa mizigo mitatu. Ni ufupisho wa habari, ni mpango wa somo anaoufuata mwalimu darasani, na ni kumbukumbu rasmi za kikao. Hiyo miwili ya kwanza haina tatizo. Huo wa tatu ndio unaonyang'anya watu mashamba. Rafiki yangu wa Mombasa husema kumbukumbu za mkutano, na muhtasari kwake ni ufupisho tu. Kwa mtazamo wangu yeye ndiye aliyepatia.

Maana tazameni sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji. Ni sheria nzuri kabisa. Lakini wilayani hawauoni mkutano, wanaona karatasi. Watu wakibishana saa nne chini ya mwembe, wakiondoka wengine kwa hasira, kinachofika wilayani ni "waliridhia kwa kauli moja".

Mimi nafupisha watu kila siku. Asubuhi tunapokabidhiana zamu, mgonjwa aliyehangaika usiku kucha nampunguza hadi sentensi tano. Sina ugomvi na kufupisha. Ila kuna jambo wodini tunalibana sana. Maabara wakipiga simu kutoa majibu, naandika, kisha namsomea aliyepiga kile nilichoandika, tarakimu kwa tarakimu, mpaka aseme ndiyo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika potasiamu 3.6. Nilipomsomea akaniambia hapana dada, ni 6.3. Ya kwanza ni ya mtu mwenye afya, na kwa ya pili moyo unaweza kusimama.

Vikao vyetu vinayo hatua hiyo hiyo: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yatokanayo. Tatizo tunairuka. Mtu anasimama, "Mwenyekiti, naomba tuuchukulie kuwa umesomwa", watu wanapiga makofi, wanataka kwenda kula. Na tusiwacheke wa kijijini. Kwenye vyama vyetu huku ughaibuni ni hivyo hivyo, nami nimewahi kupiga makofi hayo.

Kuna ndugu aliniambia wanakijiji wengi hawasomi, kwa hiyo itasaidia nini. Nikamjibu ndiyo maana unasomwa kwa sauti! Usomwe mbele ya waliosema, na majina ya waliopinga yaandikwe sawa na ya waliokubali, kabla mtu hajaweka sahihi wala dole gumba.

Baba aliandika barua kuomba ule muhtasari usomwe kijijini. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa kukosa akidi. Cha pili mama mwenyewe alikwenda na pasipoti yake kwenye kanga, akakaa mbele. Daftari la mahudhurio halikuletwa.

Naomba kuwasilisha.