Mashauri ya Nyumbani: Maji Yaingiayo na Maji Yatokayo



Kwa muda mrefu maji ya bomba yalikuwa haba huku Mkolani, ingawa ziwa li karibu. Ndipo mwaka 2021 ukaanza ujenzi wa chanzo kipya cha Butimba, chenye mitambo ya kusafisha lita 48,000,000 kwa siku, kwa ajili ya upande huu wa kusini wa Mwanza.

Twafurahi. Lakini yafaa tuulize: maji hayo yakiisha kutumika, huenda wapi? Ya ndoo moja humwagwa uani yakakauka. Bomba likifika, huwa mengi. Tena vilima vya Mwanza ni mawe matupu. Mahali pengi shimo la choo halichimbiki sana, na mvua kubwa ikinyesha, uchafu hushuka mpaka ziwani, ndiko tunakoteka. Kipindupindu hupita njia iyo hiyo. Kwa sababu hii vilima vingine vya mji vimewekewa mabomba membamba kati ya nyumba, yachukuayo maji machafu kwenda kusafishwa.

Basi mkutano wa mtaa ukiitishwa, tusiombe bomba na kunyamaza habari ya choo kwa kuona haya. Mipango ya Halmashauri huanzia mtaani, ikapanda katani. Neno lisilosemwa chini halifiki juu. Nanyi walimu, wasaidieni wazazi kulisema waziwazi.

Maji hufuata mkondo. Tusipoutengeneza sisi, yatajichagulia wenyewe, na watakaougua kwanza ni watoto wetu.