"Moto Akufi": Nani Ajifunze Lugha ya Nani?

Wanaosafiri mtoni kati ya Kisangani na Basoko wanajua kwamba lugha hubadilika njiani. Kisangani mtu husalimia kwa Kiswahili na asishangae kujibiwa kwa Lingala. Lakini ukifika Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, Lingala ndiyo lugha ya soko, na Kiswahili ni cha wageni. Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifanywa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, ambako watu wake walikuwa wamekwisha kukileta Kiswahili. Muda mfupi baadaye Dola ya mfalme Leopold II ilijenga kambi ya kijeshi Basoko, makusudi ili watu hao wasiteremke zaidi kuelekea magharibi. Nayo Lingala ikapanda mto pamoja na askari na meli za mvuke. Lugha mbili zilizotazamana namna hiyo leo zinakutana ndani ya simu zetu.

Chama chetu kina kikundi cha WhatsApp kinachowaunganisha wanachama wa Kisangani na wa Basoko. Kilianzishwa kwa ajili ya matangazo tu: misa, michango, wagonjwa, misiba. Hakuna aliyekusudia kufundisha lugha. Hata hivyo mama mmoja wa Basoko, ambaye kwa miezi mingi hakutuma ila picha ya mikono iliyokunjwa kwa sala, siku moja alituma sauti ya dakika nzima kwa Kiswahili. Binti yake alikuwa amejifungua Kisangani, naye alitaka kuwashukuru waliomtembelea hospitalini. Maneno yake yalikuwa yetu, tuliyoyatamka sisi wenyewe katika sauti zetu, ameyasikiliza na kuyarudia hadi yakawa yake. Alisema "batoto", na ndugu mmoja akamsahihisha haraka mbele ya wote kwamba husemwa "watoto". Ndugu huyo nyumbani kwake husema "batoto" kama sisi sote.

Kisha likaja jambo la kutuaibisha. Asubuhi moja tulikuwa tumeandikiana juu ya jiko la mwanachama lililoshika moto. Mchana ujumbe mfupi ukafika kutoka Basoko: "Moto akufi." Kwa Lingala maana yake ni kwamba mtu amefariki. Katekista wetu, aliyehamia hapa kutoka Kindu na ambaye wakati huo hakujua Lingala, alidhani kwamba moto umezimika, akajibu: "Tumshukuru Mungu!" Wengine wawili waliokuwa na haraka wakaitikia "Amina". Aliyefiwa aliyasoma hayo yote, naye akanyamaza.

Katika kikao kilichofuata tuliamua kwamba, ili kosa lisirudiwe, kila mtu aandike kwa Kifaransa. Tulijiona wenye busara. Kwani Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza, haikifanyi Kifaransa kuwa lugha rasmi, huku Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba zikiwa lugha za taifa? Ndani ya majuma machache kikundi kilibaki na wasemaji watano au sita, waliosoma wote, wakipeana hotuba. Mama wa Basoko alirudi kwenye picha ya mikono.

Tunasema waziwazi kwamba uamuzi ule haukuwa wa haki. Kosa lilikuwa la msomaji wa Kiswahili, lakini adhabu ilimwangukia msemaji wa Lingala. Tulikuwa tumezoea kuona ndugu wa Basoko wakijitahidi kutufuata, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini wengine wetu, baada ya miaka mingi ya kuishi kando ya mto uleule, hatuwezi kumpa pole mfiwa kwa lugha yake.

Agizo hilo tumeliondoa. Sasa kila mtu husema kwa lugha aliyo nayo, na asiyeelewa huuliza kabla ya kujibu. Anayetaka kumsahihisha mwenzake humwandikia pembeni. Habari za misiba na magonjwa tunaomba zitumwe kwa sauti, kwa sababu katika Lingala neno la mtu na neno la moto huandikwa sawa, nalo sikio ndilo linaloyatofautisha. Tunajua kwamba sauti hula mega, na mega ni fedha. Tunajua pia kwamba wapo wasio na simu kabisa, ambao mwenye simu hana budi kuwapelekea habari kwa miguu. Wala hatudai kwamba kikundi kinaweza kuchukua nafasi ya shule: kijana anayejiandaa kwa mtihani wa serikali hatapata sarufi katika salamu zetu za asubuhi.

Katekista alikwenda Basoko mwenyewe kuomba msamaha. Tangu aliporudi hutuma tangazo la Jumapili kwa Lingala, kwa sauti, akiyakokota maneno. Mama yule humjibu pembeni, akimrudishia neno moja au mawili jinsi yanavyopaswa kutamkwa, na juma linalofuata tunamsikia akijaribu tena.