Lodwar Si Karen, Ng'oeni Hizo Nyasi

Nitasema waziwazi, halafu mtanitusi mkimaliza kusoma: kupanda nyasi za kapeti kwa kompaundi ya nyumba hapa Lodwar ni kumwaga maji ya watu. Haijalishi umezipanda vizuri aje.

Pita Napetet, Nakwamekwi ama Kanamkemer uchungulie ndani ya geti mpya. Zamani mtu akijenga, alijionyesha kwa mabati ya rangi na gari. Siku hizi ni kipande cha kijani mbele ya mlango, na mpira wa maji umelala juu yake kama nyoka. Na kwa simu zetu video haziishi: panda nyasi zako mwenyewe kwa hatua tano. Lainisha udongo, changanya mbolea, chomeka vipande vya nyasi, mwagilia asubuhi na jioni, kata zikifika kimo fulani. Rahisi kabisa, huhitaji hata fundi.

Lakini hizo video nyingi zimepigwa Kiambu, Nakuru ama Marekani. Ile hatua moja ambayo Turkana ndiyo ngumu kuliko zote hawaitaji, kwa sababu kwao si shida: maji yanatoka wapi?

Tupige hesabu, na si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi. Chukua kiwanja kidogo tu, mita 10 kwa 10. Kwa hili jua letu, nyasi zikae kijani zinahitaji angalau milimita 5 kwa siku, na hapo nimewaonea huruma. Hiyo ni lita 500. Mitungi 25 ya lita 20. Kila siku, mpaka Krismasi.

Mtaniambia mvua itasaidia. Lodwar hupata karibu milimita 200 za mvua kwa mwaka. Tuseme yote inyeshe kwa hicho kiwanja chako na hakuna tone linalopotea. Umepata lita 20,000. Gawanya kwa 500: siku 40. Hizo siku zingine 325 unamnyang'anya nani?

Sasa beba hiyo mitungi 25 uende nayo Kakuma. Kiwango ambacho UNHCR hulenga kambini ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Hapo ni kunywa, kupika, kuoga, kufua, kila kitu. Kwa hivyo hicho kipande cha nyasi ambacho hakuna mtu anakula, hakuna mtu anauza, kinatumia maji ya watu 25. Na kama wewe unaelewa mambo kwa mifugo, poa: mbuzi mmoja siku ya joto anakunywa kama lita 5. Hao ni mbuzi 100. Mpigie babu yako simu umwambie kila jioni unanywesha mbuzi 100 na hakuna hata mmoja wa kukamua. Halafu usikilize atakavyokujibu.

Najua jibu la kwanza. "Kisima ni changu, nimechimba kwa pesa yangu." Sawa, shimo ni lako. Maji si yako. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 inasema rasilimali zote za maji nchini ziko mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Na hata bila sheria, akili tu inatosha. Maji ya chini ya Lodwar yanajazwa na mto Turkwel. Ni bakuli moja, na kila nyumba imetumbukiza mrija wake. Wewe ukivuta ya nyasi, jirani anavuta kutoka hapo hapo ya kupikia uji. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nimetafuta mahali nyasi zimetajwa, sijaona.

Jibu la pili: "Lakini Turkana tuna ziwa chini ya ardhi." Wasee, hii story tuiweke kaburini. Ni kweli mwaka wa 2013 serikali na UNESCO walitangaza maji mengi chini ya Lotikipi, na dunia nzima ikashangilia. Baadaye walipochimba na kupima, maji ya Lotikipi yakawa na chumvi nyingi sana, hayanyweki bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Na kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana huku kaskazini. Mifugo ilikufa, watu walilala njaa. Habari za ziwa la chini hazikujaza mtungi wa mtu hata mmoja.

Na hiyo chumvi haiko Lotikipi peke yake. Maji ya visima vingi Turkana yana chumvi. Ukiyamwaga kila siku juani, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Ndiyo maana baada ya muda unaona udongo umefanya ngozi nyeupe juu na nyasi zimeanza kuwa njano pembeni. Mtu anadhani ni maji kidogo, anaongeza. Anaongeza chumvi.

Tujiulize pia hizi nyasi zilitoka wapi. Huu mtindo wa nyasi fupi mbele ya nyumba ni wa matajiri wa Uingereza, nchi ambayo mvua haiulizwi. Ilikuwa njia ya kuambia watu: mimi nina ardhi kubwa hadi naweza kuiacha bila kulima wala kulisha. Mashine ya kuzikata ilibuniwa huko huko mwaka wa 1830. Wakoloni wakaja nao Nairobi, na Nairobi baridi ipo na mvua ipo, zikashika. Hata zile nyasi za Kikuyu ambazo watu wanabeba kwa gunia kutoka Kitale ni za nyanda za juu. Kwao ni kama Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Lodwar tuko kwa mita kama 500. Hiyo mmea haijawahi kutuomba tuilete huku.

Na kuna watu wa jangwa wenye pesa kutuliko ambao wameshaachana na hii kitu. Las Vegas iko jangwani kama sisi. Kule, mamlaka ya maji inalipa wenye nyumba pesa wang'oe nyasi zao. Mwaka wa 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria ya kuondoa nyasi za urembo zinazomwagiliwa maji ya mto Colorado, zile za katikati ya barabara na mbele ya maofisi, na makataa ni mwisho wa 2026. Wao wanang'oa, sisi ndio tunapanda. Ati tunaendelea.

Sasa tufike kwa jibu la tatu, ambalo naliheshimu. Watu wanasema: "Kwa hivyo unataka tukae kwa vumbi? Mturkana hafai kuwa na kitu kizuri?" Hapana. Vumbi ni noma, na kila mtu anastahili kurudi nyumbani mahali panapopendeza. Lakini nionyeshe mtu anayekaa kwa nyasi zake Lodwar saa saba mchana. Hayuko. Ametafuta kivuli. Hapa kwetu uzuri ni kivuli, na wazee walijua hivyo kabla ya sisi kuzaliwa. Kando ya Turkwel familia zina ekwar, sehemu yake ya miti ambayo inatunzwa na kurithiwa. Wazee hukutana chini ya ewoi kuamua mambo mazito. Hakuna aliyewahi kuita mkutano juu ya kapeti ya nyasi.

Kwa hivyo kama unataka kujifanyia mwenyewe, jifanyie hii. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyozeeka, panda mwarobaini ama ewoi. Usiupande karibu sana na ukuta ama paipu. Tengeneza beseni la udongo kuuzunguka, chini kidogo kuliko ardhi, ndiyo maji yasikimbie. Funika udongo na majani makavu. Zungushia miiba, kwa sababu mbuzi wa jirani hawasomi mabango. Halafu mpe mtungi mmoja mara mbili kwa wiki hadi ushike.

Linganisha: mti mmoja, lita 40 kwa wiki. Miti minne, lita 160. Nyasi zako, lita 3,500. Na hizo 160 si lazima ziwe maji safi. Maji ya kuosha vyombo na ya kusuuza nguo yanafaa, bora tu yasiwe na jiki. Chini ya miti weka kokoto ama udongo ulioshindiliwa, fagia, mwaga kiti chako hapo. Ukitaka kijani cha chini, fanya kama watu wa Kakuma na Kalobeyei: familia za wakimbizi huko zinapanda kunde, mchicha na sukuma kwenye vitanda vilivyozama na kwenye magunia, na maji yaliyotumika nyumbani ndiyo yanazilisha. Hiyo kijani unaikula na ugali. Mathenge nao uache ulivyo. Uliletwa huku ati kuzuia jangwa, na sasa kuung'oa ndiyo kazi.

Hii pia si ya wenye nyumba binafsi pekee. Ofisi na hoteli zinazomwagilia nyasi mchana huku mama anachimba mchanga wa Kawalase ama wa Tarach kutafuta maji zinafaa kuona aibu kwanza, kwa sababu ndizo watu wanaziiga.

Najua wengi mnaosoma hapa hamna ploti bado. Lakini nyumbani ni nani anapewa ule mpira wa maji jioni? Ni wewe. Kwa hivyo wewe ndiye una nafasi ya kuongea. Usimpigie mzee kelele, atakufukuza. Chukua mtungi wa lita 20, uweke kando ya mfereji, na umwagilie nyasi kwa mtungi badala ya mpira, siku moja tu, ukihesabu kwa sauti yeye akisikia. Ukifika wa kumi, mwambie: "Baba, bado kumi na tano, na kesho tunaanza tena." Halafu umwonyeshe mahali pa kuchimba shimo la mti.